Asili na Nakala: shajara ya filamu fupi ya mapigano kuhusu binadamu aliyeklonishwa

Mswada ni wa dakika 14. Mwigizaji mmoja anacheza wahusika wawili: mtu aliyechukuliwa seli bila ridhaa yake, na mtu aliyezalishwa kutokana na seli hizo. Kwenye mswada wanaitwa Asili na Nakala, na humu pia. Kuna kamera moja inayorekodi 4K, yaani video ya ukali wa juu, lenzi za milimita 35 na 50, taa nne za LED, na hakuna mtambo wa kurudia mwendo wa kamera kwa usahihi kamili. Mtu wa tatu wa lazima ni mbadala, yaani mwigizaji mwenye kimo, mabega na shingo kama za mhusika mkuu, ambaye uso wake hauonekani hata mara moja. Gharama zinaandikwa kwa muda, vifaa na nafasi ya diski, kwa sababu bei za vifaa hazifanani mahali na mahali.

14 Januari: Mswada

Rasimu ya kwanza ilimtoa Nakala kwenye tangi akiwa mtu mzima mwenye kumbukumbu zote za Asili. Imefutwa. Kuklonisha ni kuhamisha kiini cha seli na kukiweka kwenye yai lililoondolewa kiini chake. Hutoka kiinitete, kisha mtoto mchanga, na kumbukumbu hazimo kwenye vinasaba. Kondoo Dolly, aliyezaliwa 5 Julai 1996 katika Taasisi ya Roslin huko Scotland, alitokana na seli ya kiwele cha kondoo wa miaka sita, lakini alianza maisha akiwa mwanakondoo kama wengine. Seli ziliunganishwa na mayai 277, vikapatikana viinitete 29 vya kupandikiza, akazaliwa yeye mmoja. Hesabu hiyo imebadilisha hadithi kuliko jambo jingine lolote: maabara ya filamu sasa ina rafu ya walioshindwa kuishi, na Nakala anaijua namba yake.

Kanuni tuliyoiweka ni kwamba filamu inaruhusiwa uongo mmoja wa kisayansi, nao ni kukua kwa kasi. Mengine yote yawe ya kweli. Kanuni hiyo ilibadilisha tukio la mlango. Nakala alikuwa aufungue kwa kidole gumba cha Asili, na haiwezekani: alama za vidole hujichora tumboni kwa kuathiriwa na hali za humo, ndiyo maana hata mapacha wa yai moja hawafanani alama. Michoro ya mboni ni vivyo hivyo. Kufuli sasa linachoma kidole na kusoma damu, na hapo Nakala anapita bila shida.

Kitu cha pili kilichopatikana humo ni mwisho wa filamu. Mitokondria, yaani vijisehemu vinavyoipa seli nishati, zina vinasaba vyake, na hutoka kwa mwenye yai. Kama yai halikutoka kwenye ukoo wa mama yake Asili, kipimo cha mitokondria kinawatenganisha wawili hawa hata pale kipimo cha kiini kinaposema ni mtu mmoja. Mlinzi wa mwisho ana kipimo hicho.

Kwa upande wa vipodozi, paka CC, aliyeklonishwa Texas mwaka 2001, hakuwa na manyoya ya rangi tatu kama Rainbow aliyetoa seli. Kwa hiyo madoa ya ngozi ya Nakala yamehamishwa, mawili shavuni na moja shingoni. Si lazima mtazamaji ayaone, ila yanamsaidia mhariri kujua anamtazama nani.

2 Februari: Kamera iliyosimama

Njia ya msingi ni kupiga shoti ileile mara mbili bila kamera kusogea, Asili kushoto, kisha Nakala kulia, halafu kuunganisha nusu mbili. Maelezo mengi huishia hapo. Majaribio yameonyesha vitu vinavyoisogeza picha bila mtu kugusa kamera.

Cha kwanza ni kidhibiti cha mtikisiko kilichomo ndani ya kamera. Kikiachwa kimewashwa juu ya stendi, kihisi, yaani sehemu inayonasa picha, huelea polepole, na nusu mbili zinatofautiana kwa pikseli kadhaa. Kizimwe kwenye kamera na kwenye lenzi pia. Cha pili ni betri: kuibadilisha katikati kunasogeza fremu kiasi cha kutosha kuharibu kazi. Tumia umeme wa ukutani, na uwashe rekodi kwa rimoti. Cha tatu ni sakafu ya mbao. Mwigizaji akitembea, stendi inainama. Stendi ihamie kwenye saruji, na mfuko wa mchanga uning'inizwe katikati bila kugusa chini. Cha nne ni fokasi. Lenzi nyingi hubadilisha ukubwa wa picha kidogo zinapovuta fokasi, kwa hiyo fokasi ikibadilika kati ya Asili na Nakala, mstari wa dirisha hauungani. Fokasi ifungwe sehemu moja. Kwa kihisi cha fremu kamili, lenzi ya 35 kwenye tundu la f/5.6 ikilengwa mita 3 inashika ukali kuanzia mita 2.1 hadi mita 5.1 hivi, na wahusika wote wawili wanaenea humo.

Taa nazo zilisumbua. LED zilipopunguzwa hadi karibu asilimia 15 zilitoa mistari myeusi inayopanda kwenye picha, na mistari ya nusu ya kwanza haikulingana na ya pili. Taa nyingi za LED hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzimika haraka, na kamera huliona jambo hilo. Dawa ni kuziacha kwenye nguvu kamili, kuzisogeza mbali au kuzitandikia kitambaa cheupe. Shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ilibaki 1/50 ya sekunde kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa umeme wa hezi 50.

Mwanga wa dirishani haufai kabisa kwa kazi hii. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, na kubadilisha mavazi na vipodozi vya mwigizaji kunachukua dakika 40. Hizo ni nyuzi 10, na kivuli cha meza kinakatika katikati ya picha. Madirisha yote yamezibwa kwa kitambaa cheusi.

16 Februari: Macho

Kiungo cha picha kilikuwa safi, na bado watu wawili hawakuonekana kuwa chumba kimoja. Ilichukua muda kutambua kwamba kasoro iko machoni. Mpira mdogo uliofungwa kwenye fimbo kwa kimo cha macho ulimpa mwigizaji mahali pa kutazama, lakini mtu anayezungumza hutikisa kichwa, hushusha macho, huhama mguu. Mpira hauhami. Mtazamo wake ukawa wa mtu anayesoma bango.

Suluhisho: mbadala anasimama mahali pa mhusika asiyekuwepo, anasema maneno yake, anasogea kama atakavyosogea. Anabaki ndani ya fremu. Atafutwa baadaye kwa kuwa nusu yake haitumiki, na kubaki kwake kuna faida nyingine: kivuli chake kinaanguka upande wa pili, na mwanga unaogonga shati lake unarudi kwenye shavu la mwenzake. Bila hivyo upande wa Asili unakosa kivuli ambacho Nakala angepaswa kukitupa, na jicho linahisi upungufu kabla akili haijautaja.

Mpangilio wa kupiga ni muhimu. Anza na mhusika anayeongoza tukio, yule anayeuliza, anayesogea kwanza, anayekatiza. Chagua shoti bora palepale, kisha sauti yake ichezwe kwenye kisikizio kidogo ndani ya sikio la mwigizaji anapocheza upande wa pili. Gharama ya njia hii ni kwamba uamuzi wa uhariri unafanyika mahali pa kupigia picha, na hauwezi kurudishwa. Ukibadilisha mawazo baadaye, upande wa pili wote haufai. Kwa hiyo mhariri yupo seti siku za matukio haya.

Maneno yanayopishana hayakufanikiwa. Sauti ya mbadala iliingia kwenye maikrofoni juu ya sauti ya mwigizaji. Sasa mbadala anatamka kwa midomo tu pale panapopishana, na mwigizaji anarekodiwa maneno hayo peke yake, papo hapo, katika chumba kilekile.

1 Machi: Tangi

Hili ndilo lililokula vifaa vingi. Tangi la duara la akriliki, plastiki angavu kama kioo, lenye kipenyo cha sentimita 60 na kimo cha mita 1.8 lingebeba lita 509, yaani zaidi ya nusu tani ya maji juu ya sakafu isiyojulikana uimara wake. Likakataliwa kwenye karatasi. Wazo lililofuata lilionekana la busara: ukuta mwembamba wa maji mbele ya mwigizaji, karatasi mbili za akriliki za milimita 6, upana sentimita 60, kimo mita 1.8, nafasi kati yake sentimita 5. Lita 54 tu.

Kosa la wazo hilo ni kwamba shinikizo la maji halijali unene wa tangi. Linajali kimo. Karatasi ya mbele ingesukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 970 hivi, iwe maji nyuma yake ni sentimita 5 au mita 5. Lilipojazwa nusu tu, nguvu ikiwa robo ya hiyo, akriliki ilivimba katikati, picha ikapinda kama kioo cha kukuzia, na maungio ya chini yakaanza kutoa machozi. Maji yakatolewa kabla halijapasuka. Yeyote anayetaka kuiga asome sentensi hii mara mbili: kimo kikizidishwa mara mbili, msukumo kwenye ukuta unazidi mara nne.

Kinachofanya kazi ni kuyaleta maji karibu na lenzi. Tangi dogo la sentimita 60 kwa 40 kwa 5, lita 12, msukumo wa kilo 48 kwenye uso wake, linawekwa sentimita 30 mbele ya kamera. Ndani yake kuna mawe ya kutoa mapovu na pampu ya hewa ya matangi ya samaki. Mwigizaji yuko mita 1.5 nyuma, mkavu, ndani ya nusu duara ya karatasi ya plastiki ya polikaboneti ya milimita 2. Feni ndogo chini yake inainua nywele na vazi. Kamera inapiga fremu 50, filamu inaonyesha 25, mwendo unakuwa mzito kama wa majini. Mapovu hayana fokasi kali, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mapovu makali yanaonyesha udogo wa tangi.

Kichujio cha poleraizesheni, kinachopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, kilichowekwa kuua mng'ao kilileta tatizo jipya. Nyuma ya tangi kulikuwa na kioo cha kompyuta chenye namba za maabara. Mwanga wa kioo hicho umepangwa upande mmoja, ukapita kwenye plastiki iliyokunjwa, na kichujio kikaudhihirisha mkazo wake kwa mistari ya rangi za upinde wa mvua. Kichujio kimeondolewa. Mng'ao unazuiwa kwa kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi.

9 Machi: Ute wa kuzaliwa

Ute unaomfunika Nakala ni methiliseluloza ya daraja la chakula, unga wa kufanya vimiminika kuwa vizito. Unga ukimwagwa kwenye maji baridi unafanya madonge ambayo hayayeyuki hata ukikoroga asubuhi hadi jioni. Pasha theluthi moja ya maji hadi nyuzi 80 au 90, nyunyiza unga huku ukikoroga mpaka chembe zote zilowe, kisha ongeza theluthi mbili za maji baridi. Unaganda kadiri unavyopoa. Gramu 20 kwa lita zinatoa ute unaotiririka, 30 zinatoa unaoning'inia. Uache ulale usiku kucha ili mapovu yapande. Usiposubiri, kwenye picha unaonekana kama povu la sabuni. Lita 5 zinatosha kumwagwa mara moja.

Upashwe kidogo, ufikie nyuzi 35, kabla ya kumpaka mtu, la sivyo atatetemeka wakati mswada unataka alale kama maiti. Usitunze uliobaki zaidi ya siku mbili. Chini iwekwe mikeka ya mpira, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine asimame akimshika mwigizaji anapoinuka.

23 Machi: Mapigano

Mapigano yote yamekatwa vipande vya mienendo mitatu hadi mitano. Mwigizaji anajifunza pande zote mbili, mbadala pia. Vipande vyote vya Asili akitazama kamera vinapigwa kwanza, mbadala akiwa ameipa kamera mgongo. Kisha mavazi yanabadilishwa, na kila kipande kinarudiwa kutoka upande wa pili.

Ngumi inaaminika kamera ikiwa nyuma ya bega la mmojawapo, ili ngumi na uso viwe kwenye mstari mmoja. Ngumi inapita sentimita 25 mbele ya uso. Kutoka pembeni nafasi hiyo inaonekana wazi, kwa hiyo shoti za pembeni zilizokuwa kwenye mpango zimetupwa zote.

Jasho lilivuruga mwendelezo. Asili alipigwa picha baada ya mazoezi, Nakala baada ya kukaa kwenye kiti cha vipodozi, na kwenye uhariri mmoja analowa na mwingine amekauka ndani ya sekunde moja. Glisirini na maji kwa vipimo sawa kwenye chupa ya kupulizia ndiyo jasho rasmi sasa, na kila kipande kina picha ya simu ya uso, kola na vifundo vya mikono.

Kugeuza picha kushoto-kulia ili kupata shoti ya ziada hakufai kwa mhusika anayejulikana. Njia ya nywele inahama, vifungo vya shati vinahamia upande mwingine, na uso wenyewe unakuwa mgeni, maana hakuna uso wa binadamu ulio sawa pande zote.

Vipande viwili vimepigwa kwa fremu 22 na kuonyeshwa 25, kasi ikaongezeka kwa asilimia 14 hivi. Zaidi ya hapo miguu inaanza kuchekesha. Visu ni vya mpira. Hakuna risasi bandia zinazolipuka. Mwako wa bastola unaongezwa kwenye uhariri, na mwigizaji anatikisa mkono mwenyewe.

Sasa kuhusu mguso. Mpango ulikuwa Nakala amshike Asili kola ndani ya shoti pana ya nusu mbili, mkono ukichongwa fremu kwa fremu. Sekunde mbili ni fremu 50, na mkono unaokwenda kasi una ukingo wenye ukungu usiochongeka. Ilipokamilika, ukingo ulipita, ila kola haikukunjana. Kitambaa hakikujua kwamba kimeshikwa. Shoti imetupwa. Badala yake shoti pana inaishia mkono ukiwa njiani, inakatwa kwenda karibu, na mkono wa mbadala unaishika kola kwelikweli. Nguo inavutika, shingo inakaza, uzito wa mwili unahamia mguu wa nyuma. Hakuna hila yoyote katika shoti hiyo, na ndiyo inayofanya zile za hila ziaminike. Tangu hapo kila tukio la wawili lina angalau mguso mmoja wa kweli.

12 Aprili: Shoti inayotembea

Reli ya kamera yenye mota ilitarajiwa kurudia mwendo uleule mara mbili. Ilirudia kwa makosa, kwa sababu mkanda wake hujivuta mota inapoanza, na makosa huongezeka kamera ikiwa nzito. Marekebisho matatu yalisaidia: lenzi nyepesi, mwendo wa taratibu, na kuianzisha reli sentimita 10 kabla ya mahali panapohitajika ili mkanda uwe umekwisha kukaza. Tofauti iliyobaki inasawazishwa kwa kufuatilia alama nne za mkanda wa rangi ukutani. Hii inafaulu tu ikiwa vitu vya mbele na vya nyuma haviachani sana. Meza ikiwa karibu na lenzi na ukuta ukiwa mbali, alama za ukutani haziisaidii meza. Meza imeondolewa.

Shoti ya korido haikupona kwa njia hiyo. Imegawanywa: kamera inamtazama Asili, inageuka kwa kasi hadi picha nzima inakuwa ukungu, inatua kwa Nakala. Kata imo ndani ya ukungu. Mgeuko wa mkono unatosha, mradi pande zote mbili zigeuke kuelekea upande mmoja na kwa kasi inayokaribiana.

4 Mei: Kuunganisha

ProRes 422 HQ, aina ya faili la video tunayorekodi, ya 4K kwa fremu 25 inakula takriban gigabaiti 5.5 kwa dakika. Dakika moja ya tukio la wawili ina Asili, Nakala na chumba kitupu, hivyo gigabaiti 16.5 kabla ya kuhesabu marudio. Kuhifadhi data mahali pawili kunaizidisha hesabu hiyo mara mbili. Panga diski kabla ya kupanga chakula cha seti.

Mstari wa kuunganisha upite kwenye kona, fremu ya mlango au kivuli, usipite kwenye ukuta mtupu. Ukingo laini wa pikseli 30 unatosha. Chumba kitupu kilipogandishwa kuwa picha moja, sehemu hiyo ilionekana imekufa: chembechembe za kihisi hucheza kila fremu, na pale zilikuwa zimesimama. Tumia video ya chumba kitupu inayoendelea, angalau sekunde 10, na uiache icheze.

Kubandika uso wa mwigizaji juu ya mbadala kumejaribiwa kwenye shoti za mapigano. Kwenye mwanga tofauti haikukubali. Ilikubali pale tu kichwa cha mwigizaji kilipopigwa upya kwa lenzi ileile, kimo kilekile na taa ileile, na kipande kilichobandikwa kikaishia nyusi hadi kidevu, nywele na masikio yakabaki ya mbadala. Isizidi nusu sekunde.

25 Mei: Onyesho la majaribio

Watazamaji hawakuambiwa kuwa mwigizaji ni mmoja. Hakuna aliyetaja viungo vya picha. Walilalamikia kitu kingine: katikati ya mapigano walipoteza nani ni nani. Madoa ya ngozi hayasaidii kwenye shoti pana. Rangi za mavazi zimetofautishwa kwenye uhariri, shati la Nakala likapoa kuelekea buluu, na mpangilio wa vipande umebadilishwa ili Nakala daima aingie kutoka kulia. Vipande viwili vilivyovunja kanuni hiyo vimekatwa, na filamu imepungua hadi dakika 13.

8 Juni: Sauti

Vipigo ni glavu ya ngozi juu ya koti zito, pamoja na kabichi iliyopigwa kwa ngumi kwa vile vya mbavu. Pumzi ndizo zilizochukua muda. Nakala na Asili walikuwa na pumzi zilezile, na macho yakifumbwa wanasikika kama mtu mmoja anayepigana na hewa. Mwigizaji amerekodi upya pumzi zote za Nakala akivuta kwa mdomo, fupi fupi, maikrofoni ikiwa sentimita 15 pembeni ya mdomo. Za Asili zinabaki za puani. Nyayo pia zimetenganishwa: Asili ana viatu, Nakala yuko peku. Kilichobaki ni kusawazisha mlio wa chumba kati ya nusu mbili za tukio la mlango, ambapo pampu ya mapovu ilikuwa imewashwa upande mmoja tu.